Mali ya marehemu mwenye wake wengi Kenya: kugawa kwa vichwa vya watoto ni haki?

Mleta mada: Mbiyu Koinange, waziri wa zamani wa Kenya mwenye wake wengi, alifariki Septemba 1981 bila wosia, miezi miwili tu baada ya Sheria ya Urithi (Sura 160) kuanza kutumika. Kesi ya mali yake ikavuka miaka 30. Mimi nalaumu kifungu cha 40: kila mtoto fungu moja, kila mjane fungu moja. Chukua mirathi ya milioni 110. Bi mkubwa ana watoto 2, hayo mafungu 3. Bi mdogo ana 7, mafungu 8. Nyumba ya kwanza inaondoka na milioni 30, ya pili 80, hata kama bi mkubwa ndiye aliyeanzisha biashara na mumewe. Uzazi unahesabiwa, jasho halihesabiwi.

Karani wa Mirathi: Kwa Koinange unakosea, ndugu. Vita kubwa pale ilikuwa nani ahesabiwe mjane. Hesabu ya mafungu huja baadaye. Na jasho lina mlango wake: Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, kifungu cha 8. Kilichochumwa na mume na mke wa kwanza kabla hajaoa tena ni chao wawili, nusu kwa nusu. Tuseme katika hizo 110 kuna fleti za milioni 60 za wakati huo. Nusu yake, 30, itoke kwanza. Zinabaki 80 kwa mafungu 11, na nyumba ya kwanza inafikia karibu milioni 51.8.

Mleta mada: Kifungu hicho kinasema talaka au ndoa kuvunjika "kwa namna nyingine". Upande wa pili utadai kifo hakimo.

Karani wa Mirathi: Watadai, ndiyo. Kwa hiyo usiende na maneno matupu. Chukua rekodi ya ardhi inayoonyesha tarehe ya uhamisho, mkataba wa mauziano, na cheti cha ndoa ya pili. Tarehe ndizo zinazoamua. Pinga kabla mahakama haijathibitisha usimamizi wa mirathi. Hati za ardhi zikishagawanywa, kuzirudisha ni kazi nyingine kabisa.

Mkaguzi: Mnagombania mafungu huku chungu kinavuja. Kwa matajiri, majumba mengi yako kwa jina la kampuni. Hayo hayaingii kwenye mirathi. Zinazoingia ni hisa za marehemu. Familia inaorodhesha viwanja kumi, wakili wa kampuni anavifuta vyote. Anzeni kwa msajili wa makampuni, muone nani ana hisa ngapi na nani aliongezwa ukurugenzi baada ya mazishi.

Halafu kodi za nyumba, zile wanazolipa wapangaji. Anayezikusanya bila hati ya mahakama anavunja kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi, lakini faini haizidi shilingi 10,000 au kifungo cha mwaka mmoja. Kwa mtu anayepokea milioni kila mwezi, hiyo ni pesa ya chai. Ombeni hesabu za kila mwezi, na kodi iwekwe kwenye akaunti ya pamoja inayotiwa saini na mawakili wa nyumba zote.

Mleta mada: Akaunti ya pamoja nakubali. Kifungu cha 40 bado nataka Bunge likiguse.