Msaada: kisomaji changu cha diski pepe kinapita majaribio yote, lakini data iliyofutwa inarudi

Biti_Pekee:
Habari wakuu. Kwa miezi mitatu naandika programu ya kusoma mafaili ya diski pepe (faili moja linalobeba diski nzima ya mashine pepe), ya miundo ya QCOW2 na VHD, ili nitoe data kwenye chelezo bila kuwasha mashine pepe yenyewe. Majaribio yote yanapita: natengeneza diski ya MB 256, naweka data, nasoma, nalinganisha, sawa kabisa. Jana nikaipa QCOW2 ya kazini ya GB 20 iliyokaa juu ya faili mama (faili la chini linalosomwa pale la juu lisipokuwa na data). Sehemu ambazo mwenye mashine alizifuta na kuzijaza sifuri zimerudi na data yake ya zamani! Hakuna kosa lolote lililotolewa. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, maana chelezo ikikataa kufunguka utajua, lakini hii inadanganya kimyakimya. Sijajaribu nini?

Mzee_wa_Sekta:
Mkuu, unachukulia sifuri na pengo (sehemu ambayo faili la juu halijawahi kuiandika) kuwa kitu kimoja. Kwenye QCOW2 toleo la 3, ingizo la jedwali la L2 (linaloonyesha kila klasta, yaani kipande cha diski, iko wapi ndani ya faili) lina biti ya 0 inayoagiza klasta isomwe kama sifuri tupu. Klasta hiyo inaweza isiwe na anwani yoyote ndani ya faili. Ukiangalia anwani peke yake utadhani haijawahi kuandikwa, utashuka kwa faili mama na kurudi na data iliyofutwa. Pengo ndilo linaloshuka kwa mama. Sifuri ni jibu kamili, unaishia hapo.

Jaza faili mama kwa alama isiyo sifuri, weka tabaka juu yake, kisha kwa qemu-io (zana ya QEMU ya kujaribu diski pepe) tumia `write -z`, yaani andika sifuri, kwenye klasta moja ya katikati. Soma hiyo pamoja na jirani zake wa pande zote mbili. Halafu fanya tabaka liwe kubwa kuliko mama, na ukubwa wa mama usigawanyike sawasawa kwa klasta. Ukisoma kupita mwisho wa mama upate sifuri, si kosa, wala si takataka zilizobaki kwenye kumbukumbu.

Nahodha64:
Na hiyo MB 256 ndiyo imekuficha, kaka. Klasta ya kawaida ni KB 64. Jedwali moja la L2 hapo lina maingizo 8192, kwa hiyo linabeba MB 512. Hujawahi hata mara moja kufika jedwali la pili!

Huhitaji diski kubwa. Shusha klasta hadi baiti 512, ambacho ndicho kiwango cha chini. Jedwali litabaki na maingizo 64 na kubeba KB 32 tu, mipaka yote itakuja miguuni pako. Andika kipande kinachoanzia sekta moja (baiti 512) kabla ya mpaka na kuishia sekta moja baada yake. Na usijaze diski nzima kwa baiti ileile. Andika namba ya kila sekta ndani ya sekta yenyewe. Data ikisomwa kutoka mahali pasipo pake, itajitaja.

Msoma_Heksa:
VHD nayo usiiache. Mkia wake wa baiti 512, wenye neno `conectix`, uko mwisho wa faili, na kwa diski inayokua kuna nakala yake mwanzoni. Haribu mkia tu, uone programu inafanya nini. Kwa diski ya tofauti, inayohifadhi tu mabadiliko juu ya mzazi wake, kila bloku ya MB 2 hutanguliwa na ramani ya biti, biti moja kwa kila sekta, na biti ikiwa 0 sekta hiyo inatoka kwa mzazi. Yaani bloku moja inaweza kuchanganya za mtoto na za mzazi.

Mlinzi_wa_Lango:
Mimi ningeanza na mafaili yaliyoharibiwa makusudi. Faili mama linalojitaja lenyewe, jedwali la L1 (linaloorodhesha majedwali ya L2) linalodai ukubwa usiowezekana, klasta ya biti 63 (yaani baiti 2 kwa kipeo cha 63). Yote yakataliwe haraka, kwa kosa linaloeleweka.

Mzee_wa_Sekta:
Ni kweli ndugu, ila kwanza asome sawasawa mafaili yaliyo mazima. Kuna mtu anategemea data hiyo leo.

Biti_Pekee:
Asanteni sana wakuu. Biti ya 0 ndiyo ilikuwa: nilikuwa naifuta pamoja na biti nyingine nikitoa anwani. Nimesahihisha, nimesoma upya ile ya GB 20, na `qemu-img compare` inasema nilichotoa na faili la asili vinafanana.

Nahodha, klasta za baiti 512 zimefichua kosa la pili ndani ya dakika chache. Nikivuka mpaka nilikuwa naendelea na jedwali lilelile, natafuta ingizo la 65 kwenye jedwali lenye 64. Namba za sekta zilinionyesha mahali penyewe. Nimeharibu pia mkia wa VHD, na programu imekataa faili zima bila hata kutazama nakala ya mwanzoni. Niko hapo sasa hivi.