Kiti kimoja kinawezaje kuangusha serikali ya Tuvalu?

Mwalimu wa Ibanda (Bukavu): Ndugu zangu, ninafundisha elimu ya uraia hapa Bukavu. Bunge letu la Taifa la Kongo (DRC) lina viti 500, ilhali lile la Tuvalu, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, lina wabunge 16 tu. Je, wabunge hao wanapatikanaje, na mmoja wao akifariki inakuwaje?

Mama wa Himbi (Goma): Mwalimu, nchi ile ina majimbo 8, na kila jimbo huchagua wabunge 2 kwa muda wa miaka 4. Vyama vya siasa havipo. Wabunge wenyewe, wakishachaguliwa, ndio wanaomteua waziri mkuu miongoni mwao. Ndiyo maana kiti kimoja kina uzito mkubwa. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2012, bunge lilipokuwa bado na viti 15, alifariki waziri wa fedha Lotoala Metia, mbunge wa Nukufetau. Kwetu mbunge akifariki, nafasi yake inashikwa na mbadala aliyeandikishwa pamoja naye. Kule ni lazima wananchi wa jimbo warudi kupiga kura. Serikali ya waziri mkuu Willy Telavi iliuchelewesha uchaguzi huo hadi mahakama ikaingilia kati, na ulipofanyika mwezi wa sita mwaka 2013, kiti kilikwenda kwa wapinzani, wakawa 8 dhidi ya 7. Telavi bado hakutaka bunge likutane upesi, ndipo gavana mkuu, yaani mwakilishi wa malkia, akamwondoa tarehe 1 mwezi wa nane, na siku chache baadaye wabunge wakamchagua Enele Sopoaga kuwa waziri mkuu. Mimi naona gavana alitenda haki, maana aliyepoteza wingi wa wabunge hana ruhusa ya kuwafungia mlango.

Mkaaji wa Kamalondo (Lubumbashi): Kiti cha 16 kilipatikana katika uchaguzi wa 2019, jimbo la Nukulaelae lilipopewa mbunge wa pili. Kisiwa kidogo cha Niulakita hakina jimbo lake, huhesabiwa pamoja na Niutao. Mwaka 2024 waziri mkuu Kausea Natano alikosa kiti chake mwenyewe. Uteuzi wa waziri mkuu mpya, Feleti Teo, ukasubiri, kwa kuwa hali mbaya ya bahari iliwachelewesha baadhi ya wabunge kufika Funafuti, mji mkuu.

Mwalimu wa Ibanda: Asante sana, Mama, nawe pia ndugu. Wanafunzi wangu watauliza mara moja habari za Masisi na Rutshuru, kule Kivu Kaskazini, ambako uchaguzi wa 2023 haukufanyika kwa sababu ya vita.

Mama wa Himbi: Na wana haki ya kuuliza, Mwalimu. Bunge la Kinshasa lilianza kazi bila wabunge wa maeneo hayo mawili, na hesabu ya wingi haikutikisika hata kidogo.