Naomba ushauri: utafiti wa athari ya Mpemba na wanafunzi wa sekondari

Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni mwalimu wa fizikia na hesabu, nasoma shahada ya uzamili ya elimu. Nataka kuchunguza wanafunzi wanavyojenga hoja kutokana na vipimo, kwa kutumia kisa cha Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa sekondari ya Magamba, aliona maziwa ya moto ya aiskrimu yakiganda kabla ya yaliyopoa; hiyo ndiyo inaitwa athari ya Mpemba. Alichekwa darasani, lakini mwaka 1969 yeye na Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia Dar es Salaam, wakachapisha majaribio yao.

Kinachonisumbua ni vipimo. Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walionyesha kuwa tofauti ya sentimita moja tu ya kimo cha kipimajoto inaweza kuzaa "athari" isiyokuwepo. Na friza letu ni lile la soda, limeota barafu chini. Kikombe cha moto kinayeyusha ile barafu, kinakaa vizuri kwenye bati na kupoa haraka. Cha baridi kinabaki juu juu. Umeme nao ndiyo hivyo tena.

Nipime muda wa kufika nyuzi 0, au mpaka barafu ya kwanza ionekane? Msimamizi wangu anang'ang'ania sampuli kubwa. Mimi naona jozi chache (kikombe cha moto na cha baridi) zilizodhibitiwa vizuri zinatosha. Wataalamu wa takwimu mnasemaje? Na waliowahi kutafiti watoto chini ya miaka 18: ridhaa ya mzazi mliipataje kwa wanafunzi wa bweni?