Eti sina klauti! Yule jamaa wa vikao vya harusi leo kanivunjia heshima

Wakuu, natoka kikaoni Sinza sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Yule wa miwani nyeusi usiku, mnamjua, hakuna kamati ya harusi Dar nzima asiyokuwemo. Kalifuta jina langu kamati ndogo ya mapokezi. Kwa kalamu yangu! Niliyomwazima mimi! "Wewe huna klauti, mapokezi tunataka wenye klauti." Kimya. Hata muuza mishikaki kaacha kupepea mkaa.

Shemeji zangu wapo. Mama mdogo yupo. Kalamu yangu mkononi mwake.

Nimefika nyumbani nikafungua kamusi. Clout, Kiingereza cha zamani, ni kiraka, kipande cha kitambaa. Baadaye likawa kofi. Hii ya ukubwa na kujuana na wakubwa ni maneno ya mtaani ya Wamarekani, karne ya 20, siasa za Chicago huko. Sasa Chicago imeingiaje kwenye harusi ya mtoto wa shangazi yangu Tabata? Si angesema sina ujiko, sina uzito, nimjibu palepale? Laki mbili nimetoa, wa kwanza kumaliza ahadi. Halafu unanifuta kwa kalamu yangu!

Konda Mstaafu: Kwa hiyo huna kiraka. Mshukuru Mungu mkuu, nguo yako nzima.

Bi Mdogo Temeke: Kalamu karudisha?

Mleta uzi: Hajarudisha! Kaichomeka mfukoni mwa shati, nikiiona!

Dogo wa Mbagala: Braza, siku hizi kusaka klauti ni kutafuta kiki mtandaoni. Labda kakusifia, huna kiki.

Mleta uzi: Dogo, kwenye kiki mtu hafutwi jina. Ulikuwepo?

Konda Mstaafu: Laki mbili na bado huna klauti, mie wa elfu ishirini si wataniambia nioshe vyombo?

Mama Pacha: Afadhali yako baba. Mimi nimechanga laki, kadi imekuja ya mtu mmoja. Mume wangu nimwache kwenye gari?

Bi Mdogo Temeke: Sisi tulipewa ya watu wawili, bia zikaisha saa tatu. Bwana harusi mwenyewe anazungushwa na soda.

Mama Pacha: Weee! Ukumbi gani huo?

Bi Mdogo Temeke: Njoo PM.

Dogo wa Mbagala: Na mimi niambieni, harusi ya dada ni mwezi ujao.