Nusu ya 33 ni ngapi? Swali kuhusu mgomba na seli za uzazi

Mzazi wa Dodoma (muulizaji):
Ndugu wanajukwaa, salaam. Binti yangu wa kidato cha tatu amenirudisha darasani bila kutarajia. Wamefundishwa kwamba seli ya uzazi hubeba nusu tu ya kromosomu (zile nyuzi zinazobeba urithi) za seli ya mwili, ndiyo maana binadamu mwenye kromosomu 46 hutoa mayai na mbegu za kiume zenye 23. Kisha akasoma mahali kwamba migomba mingi tunayolima ina kromosomu 33, akaniuliza nusu yake ni ngapi. Nilimjibu kwamba mgomba hauna shida hiyo kwa kuwa hupandwa kwa machipukizi, na kwa kutotumika muda mrefu mbegu zake zimejifia zenyewe. Hakuridhika, na kusema kweli hata mimi sikuridhika. Naomba msaada wenu.

Mwalimu wa Biolojia:
Ndugu mzazi, mpongeze binti, kwa maana amegusa kiini cha somo lenyewe. Jibu ulilompa limetanguliza matokeo mbele ya sababu: watu walilazimika kupanda machipukizi kwa kuwa ile migomba yenye ndizi laini waliyoipenda haikuwa na mbegu za kuotesha.

Mgomba pori, ambao ndio mzazi wa hii yetu, una kromosomu 22, yaani seti mbili za 11, moja kutoka kwa kila mzazi, na ndizi zake zimejaa mbegu nyeusi ngumu. Wakati wa meiosisi, yaani ule mgawanyiko unaotengeneza seli za uzazi, kila kromosomu hutafuta mwenzake wa kufanana naye, wakalala ubavu kwa ubavu, wakabadilishana vipande, ndipo wakatengana, kila mmoja akaenda upande wake. Mgomba wetu una seti tatu za 11. Pale palipohitajika wawili wamesimama watatu, kwa hiyo kwa kawaida wawili huenda huku na mmoja kule, na kila kundi kati ya yale 11 huamua lake bila kujali jingine. Ili seli ipate seti kamili, ama moja yenye kromosomu 11 ama mbili zenye jumla ya 22, makundi yote 11 yanapaswa kuangukia mpangilio uleule kwa bahati. Kwa hesabu tupu, nafasi hiyo ni 1 kati ya 1,024. Seli nyingine zote hupata pungufu hapa na ziada pale, na nyingi hazifai kitu. Mkate ndizi vipande vya mviringo, mwonyeshe vile vidoadoa vyeusi vya katikati: hayo ni mabaki ya viiniyai ambavyo havikuwahi kuwa mbegu.

Mkulima wa Karagwe:
Mwalimu ameeleza vizuri, ila naomba kuongeza jambo aliloliruka. Kukosa mbegu ni jambo moja, na kuzaa tunda bila mbegu ni jambo jingine. Ua la mgomba pori lisipochavushwa, ndizi yake hubaki ganda tupu. Migomba yetu ina sifa ya pekee ya kunenepesha tunda hata pasipo utungisho, na bila sifa hiyo hizo seti tatu zingetuachia mikungu isiyolika.

Hasara yake tunaijua sisi wenye vibanja. Chipukizi hutokana na mgawanyiko wa kawaida wa seli, kwa hiyo lina urithi uleule wa mgomba mama, na ugonjwa unaoushinda mmoja huweza kuishinda shamba zima. Mnyauko wa bakteria ulipoingia Kagera mwaka 2006 tuliliona hilo kwa macho. Wadudu huubeba kutoka ua dume moja hadi jingine, nasi tukafundishwa kulivunja ua hilo kwa kijiti chenye panda badala ya panga, ambalo nalo huambukiza. Hatupotezi chochote, kwani chavua yake haihitajiki ili ndizi zinenepe.

Mchangiaji wa Nakuru:
Je, nyumbu naye ni hivyohivyo?

Mwalimu wa Biolojia:
Matokeo yanafanana, chanzo ni tofauti. Nyumbu ninayemzungumzia ni mtoto wa punda dume na farasi jike; wa Serengeti ni mnyama mwingine kabisa, naye huzaa bila taabu. Farasi ana kromosomu 64 na punda 62, hivyo nyumbu hupata 32 na 31, jumla 63, ambazo hazilingani vya kutosha kupangana kwa jozi.

Mzazi wa Dodoma:
Nashukuru sana, walimu wangu. Binti anauliza tena: kama mgomba hauzai, hao watafiti wanaotoa aina mpya hupitia wapi?

Mwalimu wa Biolojia:
Hupitia kwenye kosa la maumbile. Baadhi ya migomba ya seti tatu, mara chache, hutoa yai ambalo halikugawanyika, likabaki na kromosomu zote 33. Likichavushwa kwa chavua ya mgomba pori yenye 11, hupatikana mche wa 44, ambao seti zake nne hupangana kwa jozi bila mabaki na kutoa seli za uzazi zenye 22. Huo nao ukizalishwa na mgomba wa kromosomu 22, unaotoa 11, watoto hurudi kwenye 33, tena bila mbegu. Watafiti wa Uganda wamepata aina mpya za matoke kwa njia hiyo, kwa kuchavusha maua mengi kwa mkono na kuvuna mbegu chache mno. Mwambie binti achukue karatasi ajumlishe mwenyewe.