Tupeane uzoefu: ukurasa umetuma JSON (data iliyoandikwa kama maandishi), seva inasema haijaona kitu

Fundi wa Arua: Watu wa PHP (lugha ya upande wa seva), $_POST, pale PHP inapoweka data iliyopokewa, hujazwa na fomu za kawaida tu. Ukituma application/json itabaki tupu. Soma mwili wenyewe: json_decode(file_get_contents('php://input'), true). Hiyo true ndiyo inayokupa array. Ikirudi null, ita json_last_error_msg() kabla hujalaumu mtandao.

Binti Jinja: Kweli kabisa. Na ukiona [object Object] upande wa seva, kuna aliyesahau JSON.stringify, inayogeuza data kuwa maandishi ya JSON.

Mzee wa Node: Hamieni Express (ya Node, yaani JavaScript kwenye seva) mpumzike.

Fundi wa Arua: Ssebo, bila express.json() ya kusoma JSON, hiyo req.body (mwili wa ombi) yako ni undefined, haina kitu. Tofauti iko wapi?

Mzee wa Node: Mstari mmoja tu! Uwe juu ya njia (routes) zako kwenye kodi, si chini. Ila kikomo chake ni 100kb. Picha ya kitambulisho ukiigeuza base64 (maandishi) inavimba kwa theluthi, unakula 413 (ombi kubwa mno). Picha zipite kwa FormData, inayobeba faili kama fomu ya kawaida.

Mwana wa Mbale: Mnagombania PHP na Node, jini lenyewe ni tarehe. Mgonjwa amepangiwa tarehe 5 Machi 2024, ukurasa unaandika new Date(2024, 2, 5) (miezi huanzia sifuri). Kwenye simu iliyoko Kampala hiyo ni saa sita usiku. JSON.stringify huandika kwa UTC (saa ya marejeo ya dunia), nasi tuko saa tatu mbele, kwa hiyo kinachosafiri ni "2024-03-04T21:00:00.000Z". Seva ikikata herufi 10 za mwanzo, inahifadhi tarehe 4. Kliniki nzima inarudi siku moja nyuma, na kompyuta ya majaribio ikiwa kwenye UTC hamuoni kitu! Siku isiyo na saa itume kama maandishi, "2024-03-05". Kisanduku cha type="date" kinakupa hivyohivyo kwenye .value, usikipitishe kwenye Date.

Binti Jinja: Banange!

Boda wa Ntinda: Namba za simu pia. Number() inameza sifuri ya 077, weka "+256…" ndani ya nukuu. Na kama API (seva inayopokea data) iko domeni nyingine, tuma text/plain, ile OPTIONS ya kutangulia (kivinjari kuomba ruhusa kwanza) haiji.

Fundi wa Arua: Usifundishe watu hivyo. Seva ijibu OPTIONS na Access-Control-Allow-Origin, pamoja na Access-Control-Allow-Headers: Content-Type.

Boda wa Ntinda: Lakini inafanya kazi 😀

Mzee wa Node: Kwako itafanya. express.json() haisomi text/plain.

Binti Jinja: Na fetch (inayotuma ombi kutoka ukurasani) haitupi kosa seva ikijibu 500 (hitilafu ya seva). Angalieni response.ok.