Upana 20, urefu 20, mbona seli haiwi mraba?

mwana_ngamiani
Jamani naomba msaada. Tunapaki iliki na pilipili manga za Muheza hapa Tanga mjini. Majina na bei zimo kwenye Excel, kwa hiyo na lebo napanga humo humo, kisha nahamishia kwenye programu nyingine kuweka nembo. Hiyo inataka milimita tu. Karatasi ni A4 ya lebo 21, kila moja 63.5 kwa 38.1. Sasa nikiandika upana 20 na urefu 20, seli inalala ndefu kama ubao wa bao. Hiyo 20 ni ya nini?

fundi_chumbageni
Mdogo wangu, hizo ni 20 mbili tofauti. Urefu wa mstari ni pointi za wapiga chapa, 72 kwa inchi moja. Upana wa kolamu ni idadi ya sifuri zinazoenea ndani ya seli kwa fonti ya kawaida ya faili. Ndiyo, sifuri! Mtu ukimweleza anadhani unamtania.

Wewe una bahati, lebo yako inagawanyika vizuri kwa inchi. Urefu 38.1 ni inchi moja na nusu, andika 108. Upana 63.5 ni inchi mbili na nusu, yaani pikseli 240 kwa skrini ya 96 kwa inchi. Kwa Calibri 11 sifuri moja ni pikseli 7, na kolamu ina 5 za pembeni. Toa 5, gawa kwa 7: 33.57. Fonti ikibadilika, hesabu hiyo imekufa, na Excel mpya zinakuja na Aptos Narrow. Ndiyo maana faili likihamia kompyuta nyingine lebo zinatembea.

mwana_ngamiani
Shukrani kaka. Na ule mwanya wa milimita 2.5 kati ya lebo na lebo? Kwa hesabu yako napata 0.57, naona hauenei.

fundi_chumbageni
Chini ya herufi moja kanuni ile haifanyi kazi. Shika ukingo wa kolamu kwa mausi, uvute huku ukisoma pikseli zinazojitokeza. Simama kwenye 9.

bibi_shamba_raskazone
Mnajitesa wanangu. Fungua View, kisha Page Layout, halafu kwenye kisanduku cha upana andika 6.35 cm. Inakubali. LibreOffice ndiyo haina hata haja ya hayo, upana na urefu vyote kwa sentimita.

fundi_chumbageni
Shikamoo bibi, hiyo ni njia safi. Ila inazungushia kwenye pikseli iliyo karibu, kwa hiyo mwanya mwembamba upime kwa rula. Na wakati wa kuprinti weka asilimia 100. Ukiacha printa ijitoshelezee karatasi, inapunguza kidogo, na mstari wa saba wa lebo unapanda juu ya mpaka. Jaribu kwanza kwenye karatasi tupu, uiweke juu ya ile ya lebo uangalie kwenye mwanga. Karatasi za lebo ni ghali.